Kiti Namba 412, Pamoja na Ludbrooke Mmoja

Kazi yangu pale Stanmarrow, jumba la kale la Kiingereza lililofunguliwa kwa watalii, ilikuwa kuweka mbigili. Kila asubuhi, kabla wageni hawajafunguliwa mlango, nilizunguka maktaba na kikapu changu nikaweka ua moja kavu la mbigili, lenye miiba yake yote, juu ya kila kiti, ili mtu asije akakikalia. Shirika lililokuwa likiitunza nyumba halikupenda vibao. Walisema kibao cha "Usikae" ni ukali, na mgeni hafokewi. Mbigili ni adabu. Anayetaka kukaa na akae, atajua mwenyewe.

Viti vilikuwa kumi na vinane, mbigili kumi na saba. Kiti cha kumi na nane hakikuhitaji, kwa sababu kilikuwa na Sir Auberon.

Sir Auberon Ludbrooke alikuwa na miaka themanini na mitatu, wa mwisho katika ukoo ulioijenga nyumba hiyo mwaka 1611 na kuikalia tangu hapo. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikaa mbele ya meko yasiyo na moto, blanketi magotini, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na wageni walimzunguka wakisoma kijikaratasi chake cha namba. Wengi walidhani ni sanamu ya nta. Siku moja mama mmoja kutoka Birmingham alimbonyeza shavu akamwambia mumewe, "Wamejitahidi hawa, mpaka vinyweleo vya puani!" Sir Auberon akamjibu, "Asante sana, mama." Yule mama alianguka kwa mshtuko juu ya kiti namba 409, na mbigili ikafanya kazi yake.

Yeye mwenyewe akienda msalani, niliweka mbigili kitini pake. Akirudi, ananiinamia kidogo na kusema, "Kwa ruhusa yako, Bi Prosser," nami naiondoa. Miaka kumi na mmoja tuliishi hivyo.

Kijikaratasi alikipataje? Mwaka 1974, paa lilipoanza kuvuja vyumba ishirini kwa mpigo, Sir Auberon aliwapa Shirika nyumba na kila kilichomo. Wao waitengeneze, yeye abaki akiishi humo mpaka kufa. Akaletwa karani wa kuorodhesha mali, bwana mmoja mwembamba mwenye malezi mazuri kupita kiasi. Alipofika maktaba alimkuta mwenye nyumba amelala kitini, gazeti usoni. Amwamshe? Utovu wa adabu. Aandike kiti na kumruka aliyekikalia, kana kwamba hakumwona? Hiyo ni dharau kubwa zaidi. Alisimama pale muda mrefu akipima, kisha akaandika: "412. Kiti cha mikono, cha ngozi, miguu ya mkangazi, pamoja na Ludbrooke mmoja."

Sir Auberon aliitia saini orodha bila miwani. Na kifungu cha saba cha mkataba kilisema kwamba hakuna kitu chochote cha kwenye orodha kitakachotoka nje ya nyumba bila kibali cha Shirika.

Najua utauliza kwa nini hakuvaa kofia yake akatoka. Milango ilikuwa wazi kutwa. Ukiuliza hivyo basi hujaishi na watu wetu. Watu wetu, nyumba ikiwaka moto na mlangoni kuna kamba yenye karatasi ya "Usipite", watapanga mstari nyuma ya kamba na kusema kwamba kwa kweli huu moshi una rangi nzuri. Sir Auberon alikuwa ametia saini. Kwa miaka kumi na tisa hakukanyaga nje ya kizingiti. Kanisani tulimwombea kila Jumapili, pamoja na wasafiri.

Haya yote yalikuwa ya kuchekesha mpaka alipoanza kukohoa.

Lazima ujue kwamba samani za zamani zinapenda baridi na giza. Maktaba ilikuwa nyuzi kumi na tatu mwaka mzima. Mapazia yalishushwa ili jua lisichujue mazulia. Meko hayakuwashwa tangu 1974, kwa sababu moshi ungeziharibu picha za mababu. Mababu wenyewe walining'inia ukutani, kumi na mmoja, kila mmoja na ile pua ya Ludbrooke: ndefu, yenye nundu katikati na ncha iliyopinda kidogo kushoto. Wote walikuwa wamechorwa karibu na moto, na wote walikuwa na mashavu mekundu. Chini yao alikaa mjukuu wao, amevaa sweta tatu, midomo ya kijivu.

Daktari wa kijiji alikuja mwezi wa kumi, mwaka 1993. Alimsikiliza kifua, akanivuta pembeni mlangoni.

"Enid, sikufichi. Huyu mzee akikaa humu msimu mwingine wa baridi, mwezi wa pili tunamzika. Hata dawa hazihitaji. Anahitaji moto tu. Moto na supu."

Moto nilikuwa nao. Kijumba changu kiko chini ya kilima, kina meko ya makaa, na chumba cha nyuma kilikuwa kitupu tangu mume wangu Reg afariki. Nikaenda nikasimama mbele ya kiti.

"Bwana Mkubwa," nikamwambia, "njoo ukae kwangu mpaka baridi iishe."

Macho yake yaliniambia kwamba anataka. Niliyaona, wala sikukosea. Kisha akashusha pumzi.

"Bi Prosser, huo ni ukarimu ambao sijawahi kuonyeshwa. Lakini mimi ni mali ya watu."

Nikaapa moyoni kwamba namtoa, hata kwa karatasi zao wenyewe.

Meneja wa nyumba alikuwa Rowena Strode, miaka ishirini na tisa, shahada mbili na roho nzuri. Hiyo roho nzuri ndiyo iliyokuwa shida. Mtu mbaya unaweza angalau kumgombeza.

"Mama Prosser, nakuelewa kabisa," aliniambia. "Lakini namba 412 haiwezi kutoka hivi hivi."

"Rowena mwanangu, si namba, ni mtu. Anakohoa."

"Najua, masikini. Nimeshaiandika kwenye daftari la hali ya vifaa." Akanionyesha. Alikuwa ameandika: *Inatoa sauti.*

"Sasa kitu kinatokaje humu?"

"Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuazimwa."

Fomu ya kuazima ilikuwa na kurasa kumi na nne. Niliijaza yote. Siku ya tatu Rowena akaja kukagua kwangu, na kipima unyevu mkononi. Aliuliza mlinzi wangu ni nani, nikamwonyesha paka. Aliuliza kengele ya hatari iko wapi, nikamwonyesha paka. Kisha akaingia jikoni, birika linachemka, akapiga kelele.

"Themanini na mbili! Mama Prosser, kwa unyevu huu ngozi yake itavimba!"

"Ngozi ina miaka themanini na tatu. Iache ivimbe kidogo."

"Siwezi. Kweli, ningependa, lakini siwezi."

Njia ya pili ilikuwa wadudu. Kitu kikionekana kina nondo, kinatolewa siku hiyo hiyo kabla hakijaambukiza vingine. Basi nikasema uongo wangu wa kwanza tangu nipate kipaimara. Nilimshika nondo jikoni kwangu, nikamtia kwenye kiberiti, nikampeleka kwa Rowena nikamwambia nimemtoa kwenye sweta la Bwana Mkubwa.

Alipauka. "Lazima itoke leo hii!"

Nilikaribia kucheza ngoma. "Ndiyo, leo hii! Naweza kuichukua mwenyewe, usijisumbue."

"Hapana, gari litakuja. Inakwenda kwenye friza la ghala. Nyuzi thelathini chini ya sifuri, wiki mbili. Hakuna dawa nyingine ya nondo."

"Hebu lete nimtazame tena," nikasema. Nikamtazama. "Aa, macho yangu haya. Ni kipande cha uzi." Na kabla hajapata miwani yake, nikammeza.

Rowena alinitazama kwa huruma kubwa. Alinipa maji, akasubiri nimalize kikombe.

"Njia ya tatu haitumiki," akasema polepole. "Kitu kikithibitika kwamba ni bandia, kwamba si cha ukoo huu, kinafutwa kwenye orodha. Kikishafutwa, yeyote anaweza kukitoa na toroli."

Jioni ile nilimweleza Sir Auberon. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisimama bila kushika popote.

"Bi Prosser! Ludbrooke wamo humu tangu 1611! Mmoja wao alikatwa kichwa na hakusema kwamba yeye si Ludbrooke!"

"Huyo alimaliza mara moja," nikamwambia. "Wewe unakufa kidogo kidogo, tena mbele ya wageni."

"Kitu pekee nilichobaki nacho ni hilo jina. Kiti chenyewe si changu."

"Na hicho kikohozi?"

Akakaa, akafunika magoti, akageuza uso. Hakunisemesha siku mbili, hata ile "kwa ruhusa yako". Nilikuwa natoa mbigili kimya, naye anakaa kimya. Ilinichoma, lakini nilimwelewa. Mimi mwenyewe sina jina la kujivunia na bado nisingependa mtu anifute.

Ikafika siku ya mwisho ya mwezi wa kumi, siku ya kuilaza nyumba. Kila mwaka, wageni wakishafungiwa, kila kitu hufunikwa shuka jeupe mpaka mwezi wa tatu. Miaka ya nyuma mafundi walikuwa wakimruka Sir Auberon. Mwaka huo ulikuwa umekuja mwongozo mpya: kila namba na shuka lake. Basi mafundi wawili wakaingia na ngazi, wakafunika meza, wakafunika viti, wakafika 412, wakamtazama, wakatazama karatasi.

"Samahani, Bwana Mkubwa," akasema mmoja.

"Hapana, hapana, endeleeni," akasema yeye. "Ni mimi niliyewazibia njia."

Wakalirusha shuka. Likatua juu yake taratibu.

"Asanteni sana," likasema shuka.

Kisha likaanza kukohoa. Lilikohoa mpaka mafundi wakavua kofia zao. Nilisimama pale na kikapu changu cha mbigili nikilia waziwazi bila kutafuta leso. Kikohozi kilipotulia, mkono ukatoka chini ya shuka ukapapasa, ukanipata. Ulikuwa wa baridi kama kitasa cha mlango.

"Bi Prosser, upo?"

"Nipo."

"Mwambie yule binti kwamba mimi ni bandia."

Mtaalamu alikuja kutoka makao makuu baada ya wiki moja. Aliitwa Dakta Lionel Gathercole, bingwa wa picha na samani, glavu nyeupe, tochi, na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni. Alilivuta shuka kwa vidole viwili, akalikunja, akaanza kazi. Alimgonga Sir Auberon goti na kusikiliza. Akamtazama nyuma ya masikio kutafuta alama ya fundi. Akamnusa.

"Mwanzoni mwa karne hii, nadhani," akamwambia Rowena, aliyekuwa akiandika.

"Mwaka 1910," akasema Sir Auberon.

"Tafadhali usiniambie, unanivurugia."

Kisha akapanda ngazi akapima pua za mababu, moja baada ya nyingine, kwa kijichuma maalumu. Akashuka, akaipima ya Sir Auberon, ndogo, iliyonyooka. Akaipima tena.

"Kumi na moja zina nundu. Hii haina. Kuna maelezo?"

Maelezo yalikuwepo, ya kweli na rahisi kabisa. Sir Auberon alirithi pua ya mama yake. Picha ya mama yake ilikuwa kwenye ngazi za nyuma, pua ile ile, mtoto wa shule angeona. Lakini Dakta Gathercole hakuuliza kuhusu ngazi za nyuma, na mimi sikufungua mdomo.

Sir Auberon alishika mikono ya kiti. Aliwatazama mababu zake wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kama anayewaaga stesheni.

"Baba yangu," akasema kwa sauti ambayo wote wangeisikia, "alikuwa Tolliver, mtunza bustani. Mama yangu alipenda sana waridi."

Uongo mtupu. Mama yake hakuwahi kushuka bustanini, maua yalimpigisha chafya. Rowena alifunika mdomo. Dakta Gathercole alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika, na akatusomea alichoandika: "Nakala nzuri ya wakati uleule. Haina umuhimu kwa nyumba. Ifutwe."

Kwenye ukumbi wa kuingilia kulikuwa na ubao mkubwa wenye majina ya ukoo wote, kutoka juu mpaka chini. La mwisho lilikuwa lake. Rowena alileta kikopo cha rangi nyeupe na brashi ndogo. Alimwomba Sir Auberon apumzike maktaba, lakini akakataa, akataka kuona. Alisimama akiniegemea. Brashi ilianzia kwenye A. Mkono wake ulinibana mpaka nikahisi mfupa, lakini uso haukucheza hata kidogo.

"Mkono wako hautetemeki, binti," alimwambia Rowena ilipokwisha. "Kazi safi."

Rowena ndiye aliyelia.

"Haya," nikasema, "koti lake liko wapi? Tunakwenda."

Tulirudi maktaba kuchukua blanketi. Nilishaweka mbigili kitini kwa mazoea, na Sir Auberon alikuwa mkono mmoja ndani ya koti, Rowena alipoinua kichwa kutoka kwenye orodha.

"Subirini kidogo," akasema. "Hapa pameandikwa pamoja na Ludbrooke mmoja. Kama huyu hakuwa Ludbrooke, basi Ludbrooke wetu yuko wapi?"

Dakta Gathercole akaichukua orodha. Akaisoma mara mbili.

"Amepotea," akasema. "Au alibadilishwa. Hili ni jambo kubwa. Miaka kumi na tisa tumewaonyesha watu bandia! Wakaguzi wanakuja mwezi wa tatu. Itabidi tumtafute wa kweli, na mpaka apatikane, huyu anashikiliwa kama ushahidi."

"Anashikiliwa wapi?" nikauliza.

"Ghalani."

"Ghalani kuna moto?"

"Mama, kuna vitu vya thamani ghalani. Moto wa nini?"

Sir Auberon akautoa mkono kwenye koti. Alilikunja vizuri akaliweka juu ya meza, na hapo nikapandwa na hasira. Nikamsogelea yule mtaalamu mpaka tochi yake ikanimulika usoni.

"Nyie watu mna akili kweli? Mzee amelikana jina lake mbele ya wazee wake ili apate moto, na bado mnataka..."

"Samahani," akasema Dakta Gathercole. Hakuwa akinisikiliza. "Hebu geuka kidogo. Kushoto. Tochi, shika tochi, Rowena."

"Nigeuke nini?"

"Nundu," akasema. "Ncha, kushoto. Mungu wangu."

Kile kijichuma kilikuwa cha baridi juu ya pua yangu. Nilisimama chini ya picha zile miaka kumi na mmoja, nikizipangusa vumbi, na sikuwahi kuzitazama zaidi ya mashavu. Sasa nikazitazama. Kumi na mmoja wakanitazama.

"Mimi nilianguka," nikasema. "Mama aliniambia nilianguka kutoka kwenye mkokoteni nikiwa mchanga."

"Na mama yako alikuwa nani?"

"Olwen. Alikuwa mtumishi. Hapa hapa. Aliondoka mwaka 1922 kwenda kuolewa na mwenye mkokoteni."

"Nawe ulizaliwa...?"

"1922."

Rowena alisema "Lo!" kwa sauti ndogo sana. Mimi niligeuka kumtazama Sir Auberon. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ulijua?"

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Kila ulipopitishwa na kigari chako cha kusukuma, baba alikuwa anasimama kwenye dirisha lile. Siku moja nilimuuliza anatazama nini. Akasema, 'Yule ni dada yako, na neno hilo hutalitamka humu ndani.' Akanitaka niahidi."

"Ukaahidi."

"Niliahidi."

"Miaka sabini! Miaka kumi na mmoja nakuwekea mbigili, unaniita Bi Prosser, Bi Prosser!"

"Humu ndani," akasema. "Ahadi ilikuwa ni humu ndani. Na mimi sitoki."

"Na kabla ya 1974? Si ulikuwa unatoka? Si ulikuwa unapita na farasi mbele ya nyumba yetu?"

"Kabla ya 1974," akasema, "nilikuwa mwoga tu."

Nilikasirika kweli. Nilimkumbuka bata bukini. Kila Krismasi aliletwa mlangoni kwetu, mnono, hana barua wala jina, na kila Krismasi mama alimbeba mzima mzima kwa jirani, sisi tukala viazi. Nilidhani mama hapendi nyama ya bata. Nilitaka kuvaa koti langu na kushuka kilima na kumwacha chini ya shuka lake, yeye na pua yake ya uongo. Nilishafika mlangoni.

Akakohoa. Alijaribu kukizuia, nisimsikie, na ndiyo maana nilirudi.

"Rowena," nikasema, "andika. Ludbrooke amepatikana."

"Mama Prosser, una hakika?"

"Andika. Nitakaa kwenye kiti chenu siku za wageni, saa tano mpaka saa kumi na moja, na jioni narudi kwangu. Na huyu naondoka naye leo. Na meko haya yawashwe."

"Meko haiwezekani," akasema Dakta Gathercole. "Moshi. Picha."

"Sawa. Basi tafuteni Ludbrooke mwingine."

Aliitazama orodha, akanitazama pua, akamtazama Rowena. "Moto mdogo," akasema.

Sikuamini masikio yangu. Miaka kumi na tisa mzee wa watu alikuwa akiganda pale, na kumbe haikuwahi kutokea mtu akaliambia Shirika "sawa, basi".

"Tunahitaji kuithibitisha namba," Rowena akasema kwa aibu. "Kiti na Ludbrooke, pamoja. Kwa ajili ya picha ya kumbukumbu. Dakika moja tu."

Nilikiendea kile kiti. Mama yangu alikipaka nta miaka kumi na tisa, kila Ijumaa, miguu kwanza halafu ngozi. Alijua kila mkwaruzo wake. Alikuwa akituambia habari zake kama mtu anavyosimulia ng'ombe aliyewahi kumfuga, na hakukikalia hata siku moja. Niliitoa mbigili. Niliigeuza mkononi, kisha nikaitia mfukoni, nikakaa.

Kigumu kile kiti. Ningemwambia mama, angecheka.

Dakta Gathercole alipiga picha. Rowena aliandika, akagonga muhuri, akampa Sir Auberon karatasi ya kutokea, naye akaisoma yote, safari hii na miwani.

"Hapa inasema kwa toroli," akasema.

"Unaweza kutembea, Bwana Mkubwa," Rowena akamwambia. "Hakuna atakayejali."

"Inasema toroli, binti."

Basi likaletwa toroli la bustani. Tulitandika blanketi, tukampakia, kofia magotini, karatasi yake ya kutokea mkononi. Tulipita ukumbini, chini ya ubao wenye alama nyeupe ambayo ilikuwa bado mbichi. Nilikuwa bado nimekasirika. Nilisukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na kila tulipogonga ukingo wa zulia alisema, "Samahani."

Kizingitini nilisimama. Nje kulikuwa na kiwingu na manyunyu. Alishika pande zote mbili za toroli, akafumba macho. Nikasukuma. Gurudumu likapanda jiwe, likashuka upande wa pili, na tone la kwanza likamwangukia kwenye upara.

Akafumbua macho.

"Dada," akasema, "mvua inanyesha."

"Naiona," nikamwambia. "Vaa kofia yako."